Kata ya Mbege na Kinga ya Mtoto: Namna ya Kuipita Mimba Bila Pombe Hapa Uchagani

Kata ya kwanza ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, niliyokunywa nikiwa mjamzito nilipewa na mama mkwe, Jumapili baada ya misa, nyumbani kwao Kibosho. Aliionja yeye kwanza kama desturi inavyotaka, kisha akanikabidhi kwa mikono miwili. "Kunywa mae, hii ni damu." Mimba ilikuwa ya miezi minne, na mimi nilikuwa mwanafunzi wa ukunga. Nilikunywa kwa sababu alinipenda nami nilimpenda, na kwa sababu darasani tulikuwa tumeambiwa tu kwamba mlevi huzaa mtoto mdogo. Mimi sikuwa mlevi. Nilikuwa mkamwana aliyepewa kata, na nikapewa nyingine Jumapili iliyofuata, na iliyofuata.

Mtoto yule alilazwa mara nne kabla hajatimiza mwaka, kila mara kifua. Kichomi kina sababu nyingi: jiko letu la kuni lilikuwa ndani, na baridi ya Julai chini ya mlima huu kila mtu anaijua. Simtwishi marehemu mama mkwe mzigo huo. Lakini nimekaa miaka thelathini na moja kwenye wodi za wazazi hapa Moshi, na swali ninaloulizwa zaidi kuhusu pombe ni lilelile: "Mtoto atakuwa na kasoro usoni?" Nikisema uso wake ni mzuri, mama anashusha pumzi na mazungumzo yanaishia hapo. Hakuna anayeuliza kuhusu kinga ya mwili, kwa sababu kinga haionekani mtoto akiwa amelala kwenye kanga. Inaonekana miezi baadaye, homa inapokuja na haitoki.

Kwa hiyo nitaanza na kinga, kisha nieleze namna ya kufanya.

Kinachotokea ndani

Pombe hupita kwenye kondo la nyuma bila kizuizi. Muda mfupi baada ya wewe kunywa, kiasi kilichomo kwenye damu ya mtoto hukaribia kilichomo kwenye damu yako. Ini lako linaivunjavunja. Ini lake bado halina nguvu hiyo. Sehemu ya pombe huingia kwenye maji ya chupa ya uzazi, naye huyameza maji hayo, kwa hiyo anaendelea kuipata hata wewe ukiwa umeshaamka na kichwa chepesi.

Sasa fikiria mfereji wetu, ule unaotoka juu msituni na kushuka kihamba kwa kihamba, shamba la ukoo mmoja hadi la mwingine. Kinga ya mtoto huchimbwa hivyo hivyo, kutoka kituo hadi kituo. Chembe za damu hutengenezwa kwanza kwenye ini la kijusi, baadaye kazi inahamia kwenye uboho wa mifupa. Baadhi ya chembe nyeupe husafiri mpaka kwenye thaimasi, tezi iliyo kifuani juu ya moyo, na huko hufundwa kumtambua adui na kutomshambulia ndugu. Hizo ndizo chembe T. Nyingine hukomaa kuwa chembe B, zinazotengeneza kingamwili, silaha za damu dhidi ya vijidudu. Nyingine huenda kukaa kwenye mapafu, kazi yao ikiwa kumeza kila kijidudu kinachoingia na pumzi. Kazi hii huanza mapema, mimba ikiwa bado haijaonekana kwa nje, na inaendelea hadi baada ya kuzaliwa. Mfereji ukizibwa juu, wa chini hawapati maji hata mvua inyeshe vipi.

Madaktari walianza na uso kama sisi. Ufaransa, mwaka 1968, Paul Lemoine alieleza watoto wa akina mama waliokunywa sana. Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, wakaupa ugonjwa ule jina na kuutambulisha duniani: uso wa namna fulani, ukuaji hafifu, akili kuathirika. Mwaka 1981 ndipo ripoti nyingine kutoka Marekani ilipoonyesha kwamba watoto wenye ugonjwa huo walikuwa pia na chembe T na chembe B pungufu, na waliugua maambukizi mara kwa mara, yakiwemo ya mapafu na masikio. Ripoti hiyo niliisoma nikiwa tayari kazini na niliiwaza kwa siku nyingi, kwa sababu usaha wa masikio na kichomi ndivyo vilivyokuwa vinajaza wodi yetu ya watoto.

Maabara zimetuonyesha njia yenyewe. Panya waliopewa pombe wakiwa na mimba huzaa watoto ambao thaimasi yao ina chembe chache, na chembe T hizo huchelewa kuongezeka zinapohitajika kupigana. Kwa simbilisi, zile chembe za kwenye mapafu hulegea; zinakutana na kijidudu na hazikimezi ipasavyo, kwa sababu pombe imemaliza glutathioni, ambayo ni ngao ya mapafu. Theresa Gauthier na wenzake wa Emory, Atlanta, walikwenda kwa watoto wa binadamu, na mwaka 2005 wakaonyesha kwamba hata mtoto aliyetimiza miezi yake yote tumboni, mama akiwa alikunywa kupita kiasi, anakuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya maambukizi akiwa mchanga. Kule Vancouver, Canada, Joanna Weinberg ameonyesha kitu kingine kwa panya: aliyepitia pombe tumboni akisumbuliwa hutoa homoni nyingi za msukosuko, na homoni hizo zikizidi zinaikandamiza kinga.

Ongeza na haya. Pombe hupunguza foliki na zinki inayomfikia mtoto, na kinga haijengwi bila zinki. Huongeza uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati, na kingamwili nyingi za mama humvukia mtoto katika miezi mitatu ya mwisho. Mtoto anayezaliwa wiki ya thelathini na moja ametoka kabla shehena haijafika.

Anza kabla ya kipimo

Kama unatafuta mtoto, acha mwezi huo huo unaoanza kutafuta. Ukisubiri mistari miwili, mimba inaweza kuwa na wiki sita au nane tayari. Wanaume nawaomba waache pia. Nyumba ambayo baba amepumzika, mama hahitaji kupigana vita peke yake jioni.

Ukisema "pombe", hesabu zote. Hapa kwetu nimesikia mtu akisema "mimi sinywi pombe, nakunywa mbege tu." Mbege ni pombe. Wari ni jina lake lingine. Divai ya ndizi ni pombe, bia ni pombe, dompo ni pombe, piwa ni pombe kali kuliko zote na hakuna anayejua kilichomo. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini vinywaji vikali kwenye chupa ndogo bado vipo dukani kando ya biskuti. Bia moja ya nusu lita yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi halisi. Mbege haina lebo. Nguvu yake inategemea ndizi, kimea, joto la siku na saa ilizokaa kwenye pipa. Kata mbili za leo si sawa na kata mbili za jana. Hakuna kiwango ambacho mtaalamu yeyote amekithibitisha kuwa salama kwa mjamzito, na kwa kitu kisichopimika kama mbege hata kukadiria ni kujidanganya.

Soma pia lebo za dawa za kikohozi na zile za "kuongeza damu" zinazouzwa mitaani. Ukiona neno alkoholi au ethanoli, mwulize mfamasia akupe nyingine.

Kata ikikufikia

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na haiwi kwa kukosa nia. Mwanamke wa mjini anaweza kuagiza soda na asiangaliwe. Ukiwa umeolewa Uru au Marangu, na kata inazunguka, na babu mkwe ameionja na kukunyooshea, kukataa ni kama kumwambia humwamini. Nimeona wasichana wasomi kabisa, wenye shahada, wakinywa kwa sababu hiyo.

Usisubiri siku ya sherehe. Mume azungumze na mama yake mapema, wawili tu, wakiwa shambani au jikoni. Asiseme "mke wangu hataki mbege yako." Aseme: "Mama, kliniki wamemwambia asubiri mpaka mjukuu wako atoke. Naomba umsaidie." Neno "umsaidie" linafanya kazi kubwa. Mama mkwe akishapewa ulinzi wa mjukuu, yeye ndiye atakayewazuia wengine. Nimeona bibi akiipokea kata iliyokuwa inaelekea kwa mkamwana na kusema, "Huyu leo anakula kwa ajili yangu," na hakuna aliyefungua mdomo.

Kama hakuna aliyekutangulia kusema, ipokee kata kwa mikono miwili, inamisha kichwa, na umpe aliye kulia kwako kwa heshima: "Aika mae (asante mama), nitakunywa na mtoto akibatizwa." Umepokea, umeshukuru, na umeahidi karamu. Huo ndio undani wa desturi ile. Kumeza si lazima. Usijifanye unakunywa kwa kugusisha midomo, maana mara ya tatu utameza.

Desemba ni mwezi mgumu kuliko yote. Mabasi yanashusha watu kutoka Dar kuanzia tarehe 20, kila ukoo una mbuzi na pipa, na kuna ndoa na kipaimara ndani ya wiki mbili. Nawaambia wajawazito wangu wachague kazi kwenye sherehe: shika daftari la michango, gawa nyama, kaa na watoto. Mwenye kazi mkononi hashikishwi kata. Na nenda umeshiba. Tumbo tupu halina msimamo.

Chukua ulezi, acha pipa

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Waliposema mbege inaongeza damu na nguvu, walikuwa wanauona ulezi. Ulezi una madini ya chokaa kwa wingi, na chuma pia. Ndizi zikichachuka na gome la msesewa likitiwa, kilichoongezeka ni pombe na uchungu. Kwa hiyo mimi huwaambia mama wakwe: nipeni ulezi uleule, kabla haujafika kwenye pipa.

Osha ulezi, uloweke usiku kucha, umwage maji, ufunike kwa kitambaa kibichi siku mbili mpaka uchipue kidogo. Uanike juani hadi ukauke kabisa. Kimea chenye unyevu huota ukungu na ukungu ni sumu. Saga. Pika uji wako wa unga wa kawaida uwe mzito, uache upoe kidogo, kisha koroga kijiko kimoja au viwili vya unga wa kimea. Utaona uji unalainika wenyewe na kuwa na utamu. Urudishe jikoni uchemke tena, ongeza maziwa. Kunywa siku hiyohiyo. Watu huuacha ulale wakasema ni togwa, lakini togwa ya siku ya tatu imeshaanza safari ya kuwa pombe.

Vidonge vya madini ya chuma na foliki unavyopewa kliniki usimeze na chai wala maziwa, vinazuia chuma kufyonzwa. Meza na maji, au na chungwa.

Kama unakunywa kila siku

Wewe naomba unisikilize kwa makini zaidi. Kama mikono inatetemeka asubuhi mpaka unywe, usiache ghafla ukiwa nyumbani peke yako. Mwili uliozoea ukinyimwa ghafla unaweza kutoa jasho, kuweweseka na kupata degedege ndani ya siku moja au mbili, na degedege ni hatari kwako na kwa mtoto. Nenda hospitali, useme ukweli, uachishwe ukiwa chini ya uangalizi. Mawenzi na KCMC, hospitali zetu kubwa hapa Moshi, wote wana watu wanaojua kazi hii.

Najua kwa nini mnaogopa. Kwenye kituo kimoja nilichofanyia kazi, mama alisema amekunywa na mhudumu akamfokea mbele ya benchi zima. Hakurudi kliniki mpaka uchungu ulipomshika. Bado inaniuma, maana nilikuwa chumba cha pili na niliposikia nilichelewa kutoka. Ukifokewa, omba kuonana na mwingine. Usiache kliniki.

Kama ulikunywa kabla hujajua

Acha leo. Usiitoe mimba kwa hofu, usijilaze kitandani na kulia wiki nzima. Mfereji bado unachimbwa: kila wiki ambayo damu yako haina pombe ni wiki ambayo thaimasi, uboho na mapafu vinajengwa bila kusumbuliwa. Ukianza mwezi wa tano, bado miezi mitatu ya mwisho, ile ya kingamwili, yote ni yako. Mwambie mkunga ulikunywa nini, kiasi gani na mpaka lini, aandike kwenye kadi. Anayempokea mtoto akijua, atamwangalia kwa jicho lingine.

Baada ya kujifungua

Mtori tu. Ndizi mchare, nyama yenye mfupa, kitunguu, upondwe vizuri, unywe wa moto. Mzazi anahitaji supu na maji mengi, na mtoto awekwe titini ndani ya saa moja. Maziwa yale ya kwanza ya manjano, ambayo bado kuna bibi wanayakamua na kuyamwaga, yamejaa kingamwili aina ya A zinazopaka koo na utumbo wa mtoto. Kwa mtoto aliyepitia pombe tumboni, tone lisipotee. Kisha maziwa ya mama peke yake miezi sita, bila maji, bila uji.

Watakuletea mbege tena, safari hii "iongeze maziwa." Hili nalo limepimwa. Mwaka 1991, Philadelphia, Julie Mennella na Gary Beauchamp waliwapima watoto ambao mama zao walikuwa wamekunywa kiasi kidogo cha pombe. Harufu ya maziwa ilibadilika, na watoto walipata maziwa machache kuliko siku ya kawaida. Baadaye Mennella alionyesha pia kwamba pombe hushusha homoni inayosukuma maziwa yatoke. Titi linajaa, mama anaamini mbege imefanya kazi, kumbe maziwa hayatoki vizuri.

Ikitokea umekunywa kinywaji kimoja kwenye harusi, subiri angalau saa mbili kabla ya kunyonyesha, na zaidi kama ni zaidi. Kukamua na kumwaga hakuharakishi. Pombe hutoka kwenye maziwa inavyotoka kwenye damu. Na usiku huo usilale kitanda kimoja na mtoto. Nimeshapokea maiti ya mtoto aliyelaliwa.

Chanjo na kuhesabu pumzi

Mtoto ambaye kinga yake ilianza vibaya anahitaji chanjo kwa tarehe, bila kuruka. Akizaliwa ni BCG, ile ya kifua kikuu, na polio ya matone. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ni zile za pentavalenti (magonjwa matano kwa sindano moja), nimonia, kuhara na polio, kila moja kwa zamu yake. Miezi 9 na miezi 18 ni surua na rubela. Kama mnakwenda Dar au Arusha, chukua kadi. Kituo chochote kitamchanja. Toa jiko la kuni nje ya chumba anacholala. Wageni wa Desemba wenye mafua wamsalimie kwa mbali, hata kama ni shangazi.

Na jifunze kuhesabu pumzi, wewe na baba yake na dada wa kazi. Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala ananyonya. Fungua nguo, tazama tumbo likipanda, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Hesabu tena, na ikirudi hivyo ondoka. Kuanzia miezi miwili hadi mwaka ni 50. Mwaka hadi miaka mitano ni 40. Kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu, au akiwa mchanga na hanyonyi, au amepoa mwili, au kitovu kina wekundu unaosambaa, usihesabu wala usisubiri asubuhi.

Mkamwana wangu anapanda kutoka Dar tarehe 22, mimba ya miezi saba. Ulezi nimeshauloweka tangu jana. Pipa la ukoo litakuwa kwa shemeji, na mkamwana daftari la michango nimemwekea mezani, jina lake limeandikwa juu.